Kwa nini Mjerumani hakusalimii kwenye ngazi, lakini kwa daktari anasalimia chumba kizima?

#1 Mtoto wa Kihesa
Wakuu, heshima kwenu.

Nipo Leipzig kimasomo tangu muhula wa baridi uanze. Mengi nilisimuliwa kabla sijapanda ndege: baridi, mkate asubuhi na jioni, kuwahi miadi. Hili sikusimuliwa na mtu, na linaniumiza kichwa.

Jengo ninaloishi lina ghorofa tano na ngazi moja. Kila asubuhi napishana na watu walewale. Natoa salamu, mmoja anaitikia kwa kidevu, mwingine anatafuta funguo mfukoni mpaka nipite. Kwenye tramu ndiyo kabisa, behewa limejaa na hakuna anayemsemesha mwenzake.

Juzi jino limenikaba, nikaenda kwa daktari wa meno. Nimekaa chumba cha kusubiri, kila mtu kainamia simu au gazeti. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee na mkongojo, akasimama palepale mlangoni, akatoa "Guten Morgen" ya kusikika mpaka kona ya mwisho. Chumba kizima kikaitikia! Akaja dada na mtoto, vilevile. Akaja kijana mwenye spika za masikioni, akazichomoa kwanza, akasalimia, ndipo akakaa. Na anayeondoka anaaga wote.

Sasa hawa si ndio walewale wa kwenye tramu? Mtu anayejua kusalimia asiowafahamu, kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe ananinyima kwa sababu gani? Kwetu Iringa mtu akikupita bila "kamwene" ujue kuna kesi baina yenu.

Mliokaa huku muda mrefu, nini kinaendelea? Nawasilisha.

#2 Ngoja Waje
Naweka kambi hapa. Wajuvi tiririkeni.

#3 Tandale One
Mkuu, ni baridi na giza, usitafute mchawi. Desemba saa kumi jioni taa za barabarani zimeshawaka. Mtu ametoka kazini, amejifunga skafu mpaka puani, anawaza kufika ndani tu. Subiri Juni. Saa tatu usiku bado kuna mwanga, watu wamejaa bustanini na majiko ya mkaa wanachoma nyama, na jirani yuleyule anakupungia mkono. Nilikaa Berlin miaka ya nyuma, nimeyaona.

#4 Mkamba wa Bavaria
Nakataa, @Tandale One. Mimi naishi kijijini Allgäu, karibu na milima ya Alps. Theluji ya huku mtu wa Berlin haijui. Lakini hakuna anayekupita bila "Servus" au "Grüß Gott", hata watoto wa shule wakiwa na mabegi mgongoni. Mwezi wa kwanza nilidhani wananifananisha na mtu. Ukipanda mlimani ndiyo zaidi, kila unayepishana naye kwenye njia ya miguu lazima mjuliane hali. Kama baridi ndiyo inaua salamu, sisi tungekuwa mabubu.

Tatizo ni mji. Hameni mjini.

#5 Fundi Bomba
Mleta mada, wewe ukipanda mwendokasi pale Kimara unasalimia basi zima? Au unagombea siti kama sisi wengine? Tuanze hapo kwanza kabla hatujamshitaki Mjerumani.

#6 Mtoto wa Kihesa
@Fundi Bomba basi nakuachia, umeshinda. Ila jibu la ngazi bado hujanipa. Hata Dar, nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita, uamke asubuhi upite uwani bila kumsalimia mama anayefua? Jioni utakuta umeshapewa jina.

@Mkamba wa Bavaria nashukuru, lakini chuo kiko mjini, nitahamaje?

#7 Fundi Bomba
Uwani sawa. Nenda Masaki kwenye maghorofa yenye lifti na walinzi uniambie nani anamjua nani. Mimi nazibua masinki huko. Namba kumi na mbili hajui kama namba kumi na moja ana mke.

#8 Mwana Michenzani
Asalaam alaykum. Nina la kusema hapa, na niko hapo hapo Leipzig, mtaa wa Grünau.

Mie nimezaliwa na kukulia Michenzani, Unguja. Wasiojua: Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mapema tu 1964, na kwenye urafiki ule ndipo yalipokuja majumba. Ya Kikwajuni wamejenga Wajerumani, na mpango wa Michenzani nao wametia mkono wao. Majumba marefu, madirisha yamepangana safu kwa safu. Nilipopewa nyumba Grünau, ambako ujenzi ulianza 1976, nikateremka kwenye tramu nikasimama. Nikajiona nimerudi kwetu, ila bila ya nguo kuanikwa na bila ya kelele za watoto.

Kwa hivyo mnaosema ghorofa ndiyo inaua salamu, sikubali. Watu walewale wamejenga huku na kule. Michenzani kwenye ngazi huwezi kupita kimya. Bibi kakaa na sinia la kashata, vijana wanacheza karata kwenye kituo cha ngazi, mtu anapanda na ndoo kichwani maana maji juu hayafiki. Na hapo kwenye ndoo ndipo ninapotaka mpaangalie. Maji yakikatika utamhitaji mwenye pipa. Umeme ukikatika utataka kibiriti. Mtoto atarudi skuli wewe hupo, atakula kwa jirani. Huwezi kuwa na kiburi na mtu ambaye kesho utamgongea.

Huku bomba linatoa moto na baridi usiku kucha, lifti inafanya kazi, mzee analetewa muuguzi na bima. Mtu anaweza kuishi miaka thelathini asimhitaji wa mlango wa pili hata kwa chumvi. Salamu yetu inatokana na kuhitajiana. Kwao haja imeondoka, salamu ikabaki kuwa hiari.

#9 Fundi Bomba
Kwa hiyo dawa ni kufunga maji Leipzig nzima wiki moja? Nipeni tenda hiyo, spana ninazo.

#10 Chuo cha Mtaa
@Mwana Michenzani umeandika vizuri sana ila umeruka historia ya mji wenyewe. Leipzig ilikuwa Ujerumani Mashariki. Kulikuwa na Stasi, yaani usalama wa taifa wao, na mpaka 1989 walikuwa na wafanyakazi wa kudumu takriban 91,000, na watoa habari wa siri kupita idadi hiyo. Huyo mtoa habari alikuwa nani? Jirani, mfanyakazi mwenzako, wakati mwingine ndugu. Baada ya Ujerumani mbili kuungana 1990 watu wakaruhusiwa kusoma mafaili yao, wakakuta mambo. Mzee wa miaka sabini aliyekulia hapo unategemea akuchekee kwenye ngazi? Nenda makumbusho ya pale Runde Ecke, lilikuwa jengo la Stasi la mkoa, ujionee.

#11 Kifungu cha Pili
Hoja ya #10 ina mianya miwili.

Kwanza, Hamburg na Frankfurt hazikuwahi kuwa chini ya Stasi na ngazi zao ni kimya vilevile. Nimeishi kote kuwili.

Pili, hao hao wa Leipzig tarehe 9 Oktoba 1989 walitoka barabarani kuipinga serikali watu takriban 70,000, usiku, wakijua polisi na wanajeshi wapo tayari, na siku ile haikupigwa risasi hata moja. Ukuta wa Berlin ulifunguka mwezi mmoja baadaye. Watu wasioaminiana kabisa hawatoki pamoja namna ile.

Kingine, mzee aliyemsalimia mleta mada kwa daktari wa meno naye bila shaka ni wa umri huo huo. Stasi walimwachia salamu ya chumba cha kusubiri wakachukua ya ngazi tu?

#12 Chuo cha Mtaa
Sijasema ni sababu pekee. Nimesema msiiruke.

#13 Mama Junior Bremen
Kaka Mtoto wa Kihesa, pole na jino. Mimi niko huku miaka mingi, nimezalia huku. Nikuulize: jina lako limeandikwa kwenye kengele ya chini na kwenye sanduku la barua?

Nauliza kwa sababu wageni wengi hawajui hili. Huku nyumba haina namba ya mlango kama tulivyozoea. Mtaa, namba ya jengo, basi. Aliyekuandikia barua anakutafuta kwa jina la ukoo. Kama halipo kwenye sanduku, barua inarudi ilikotoka. Nina mdogo wangu alipanga chumba kwa mtu, akadharau kubandika jina. Kadi ya bima ya afya ikarudi, barua ya benki ikarudi, mpaka barua ya miadi ya kibali cha kuishi ikarudi. Alilia.

Sasa na kwa jirani ni hivyo hivyo. Wewe kwake ni mtu asiye na jina. Andika jina, kisha usubiri siku mtu wa vifurushi aje wakati wewe hupo. Ataacha mzigo wako kwa jirani na kukuachia kikaratasi chenye jina la aliyepokea. Utagonga, atafungua, mtaongea. Mimi marafiki zangu wa jengo hili wote nimewapata kwa vifurushi, sina utani. @Mwana Michenzani haja haijaisha yote, kaka. Imebaki hiyo moja.

#14 Mwana Michenzani
Hilo la vifurushi nalipokea kwa mikono miwili. Jirani yangu wa kwanza kunisemesha alikuwa na sanduku la viatu vyangu.

#15 Sista Wodini
Nafanya kazi ya uuguzi karibu na Hannover, nilikuja kwa mafunzo yale ya miaka mitatu ya kusoma na kufanya kazi. Naomba niongeze nilichokiona.

Wodini mnasalimiana asubuhi, vizuri kabisa, kila mtu kwa kila mtu. Ila ukishamsalimia, imetosha. Mimi saa nane mchana nikapishana na dada mmoja kwenye korido nikamsalimia tena, kwa furaha tu. Akasimama, akanikumbusha kuwa leo tumeshaonana. Hakuwa na hasira, alidhani nimemsahau. Sisi salamu inarudiwa: umeamkaje, umeshindaje, za kazi, za toka asubuhi. Kwao ni moja kwa siku na unakuwa umelipa.

Kuhusu wazee mnaosema hawachekei mtu kwenye ngazi: takriban asilimia 40 ya kaya nchi hii ni za mtu mmoja anayeishi peke yake. Nina mgonjwa bibi wa miaka themanini na kitu. Nikimuogesha mgongo huwa ananisimulia mtaa wake wote, nani alikufa lini, nani alihama, mbwa wa nani aliitwa nani. Anawajua wote! Nikamuuliza, walikuwa wanakutembelea? Akasema hakutaka kuwasumbua, nao hawakutaka kumsumbua. Hilo neno la kutosumbua nalisikia kila siku ya kazi. Kwao kumwacha mtu na utulivu wake ni heshima. Wewe unaona umenyimwa, yeye anaona amekupa.

#16 Tandale One
Sista umenigusa. Ila bado nasimamia baridi.

#17 Nyanda wa Igunga
Naona mnazunguka. Semeni ukweli kwamba kuna rangi ndani yake. Mimi nimetafuta nyumba mji mmoja wa magharibi. Naandika barua pepe kwa jina langu, kimya. Rafiki yangu Mjerumani anaandika nyumba ileile, anajibiwa siku hiyohiyo aende kuiona. Kuna sheria ya usawa ya tangu 2006 na kuna ofisi ya serikali ya kupeleka malalamiko, lakini kuthibitisha ni kazi. Kwenye tramu siti ya pembeni yangu ndiyo ya mwisho kukaliwa. Msimwambie huyu mdogo wetu kwamba yote ni utamaduni.

#18 Mtoto wa Kihesa
@Nyanda wa Igunga pole sana kaka. Hilo la siti nimeliona pia, nilikuwa nasita kulisema.

Ila nimechunguza wiki hii kwenye ngazi. Nasimama kwenye masanduku ya barua najifanya natafuta funguo. Wenyewe kwa wenyewe nao hawasalimiani, au kidevu tu. Kwa hiyo hili la ngazi sijui niliweke wapi, kwenye rangi au kwenye utamaduni.

#19 Nyanda wa Igunga
Yanaweza kuwa mawili kwa pamoja. Mmoja hakusalimii kwa sababu hasalimii mtu, mwingine hakusalimii wewe. Ugumu ni kwamba ukiwa kwenye ngazi hujui umekutana na yupi, na unalala ukiwaza. Hilo ndilo linalochosha, na mwenyeji hawezi kulielewa kwa sababu yeye halimpati.

#20 Sista Wodini
Nakazia #19. Kuna mgonjwa aliwahi kukataa nisimguse, na wa kitanda cha jirani akamkemea mbele yangu. Chumba kimoja, asubuhi moja.

#21 Dada wa Kisamvu
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mimi jirani yangu alinisemesha kwa mara ya kwanza Jumapili, natwanga kisamvu. Kinu nilikibeba kutoka Tanga. Nimetwanga kidogo tu, kengele ikalia. Mama wa chini, amevaa ndala, anauliza kama kuna ujenzi. Nikamwonyesha kinu na majani. Akaangalia, akasema leo Jumapili. Akaondoka.

Ni kweli kutwanga Jumapili ni kosa la jinai? Mtu kaniambia hata mashine ya kufulia ukiwasha unapigwa faini.

#22 Kifungu cha Pili
Si jinai, dada, tulia.

Jumapili kuwa siku ya mapumziko ipo kwenye katiba yao. Kifungu cha 140 kimebeba maneno ya katiba yao ya zamani, ile ya Weimar ya 1919. Ndiyo maana maduka mengi yamefungwa. Usiku kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili kutwa, sauti yako inatakiwa isivuke kuta zako. Mashine ya kukata majani kwenye makazi hairuhusiwi kabisa Jumapili. Kutoboa ukuta usijaribu. Hata chupa za glasi kwenye yale mapipa ya mtaani hazitupwi Jumapili kwa sababu ya mlio. Mashine ya kufulia inategemea kanuni za jengo lako, zipo kwenye mkataba au zimebandikwa mlangoni, wengi huivumilia. Kinu hakijatajwa popote, ila sakafu yako ni dari ya mwenzako.

#23 Pondu Mingi
Mie natoka Bukavu, niko Köln. Dada, usiteseke. Ingia duka lolote la Waafrika, sombe, ndiyo kisamvu chenu, iko kwenye friza, imeshatwangwa, imefungwa pakiti. Imeandikwa pondu ao saka-saka. Unatia mawese, karanga, samaki ya moshi, kwisha. Mama wa chini atasikia harufu tu. Na harufu haina sheria.

#24 Mama Junior Bremen
Ina sheria yake, fungua madirisha! Nyumba za huku hazipumui. Unafungua dirisha wazi kabisa dakika tano mpaka kumi, mara mbili tatu kwa siku, hata nje kukiwa na barafu, kisha unafunga. Usipofanya hivyo ukuta unaota ukungu mweusi na mwenye nyumba anakuja juu. Wengine wanaandikiwa kwenye mkataba.

#25 Dada wa Kisamvu
Asanteni. Lakini sombe ya pakiti si kisamvu cha kutwanga na vitunguu saumu palepale. Nitatwanga Jumamosi mchana na blanketi chini ya kinu.

#26 Shemeji wa Stuttgart
Nimeolewa kwa Waswabia, wenyeji wa huku Stuttgart, naomba niwape kitu. Huku kuna zamu ya usafi inaitwa Kehrwoche. Wiki yako ikifika unakuta kibao kimening'inizwa kwenye mlango wako. Unafagia ngazi, unapiga deki, wakati wa theluji unaondoa theluji mbele ya jengo, na Jumamosi iwe imekwisha. Ukimaliza unakipeleka kibao kwa mlango unaofuata.

Basi hapo kwenye kupokezana kibao ndipo watu wanapoongea. Nilipofagia mara ya kwanza, mzee wa juu alishuka akapitisha kidole kwenye ukingo wa mbao wa ngazi, akaangalia kidole, akanipa mkono akajitambulisha. Mpaka leo ananiletea tufaha za bustani yake. Kwa hiyo mimi naona si baridi wala nini. Wanaheshimu kazi. Fanya sehemu yako ya jengo kwanza, salamu zitafuata.

#27 Mwana Michenzani
Na hiyo ni haja vilevile, shemeji. Zamu ni kuhitajiana.

#28 Fundi Bomba
Michenzani hakubali kushindwa leo.

#29 Mwinyi Kaskazini
Ndugu zangu acheni salamu, tuongelee fursa. Kenya wamepewa nafasi 250,000 za kazi Ujerumani, sisi tunabishana kuhusu kinu.

#30 Kifungu cha Pili
Hapana. Makubaliano ya Kenya na Ujerumani yalitiwa saini Berlin Septemba 2024, mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz. Idadi hiyo ilitangazwa na vyombo vya habari, na wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha waziwazi: makubaliano hayana idadi wala kiwango chochote, na kila mwombaji lazima atimize masharti ya sheria ya uhamiaji wa wafanyakazi wenye ujuzi. Usiuze shamba kwa sababu ya namba hiyo.

#31 Mkamba wa Bavaria
Ukweli mtupu. Nyumbani kuna mawakala wanakula watu pesa kwa hiyo 250,000. Kijerumani kwanza, vyeti kutambuliwa, ndipo ndege.

#32 Mtoto wa Kihesa
Wakuu, mrejesho. Nilibandika jina. Kisha kuna mwenzangu wa darasani, mzaliwa wa hapa, nikamweleza uzi huu. Alishangaa. Akaniuliza, wewe ulipohamia ulipita kugonga milango ukajitambulisha? Nikamwambia kwetu mgeni akifika wenyeji ndio wanakuja kumwona, wanamletea hata ndizi. Akasema kwao ni kinyume, aliyehamia ndiye anayepiga kengele. Kwa hiyo muda wote huu mimi nawasubiri wao, wao wananisubiri mimi.

Jumamosi nikatengeneza maandazi ya iliki nikapita. Wa mkono wa kulia alifungua, akala palepale mlangoni, akaniambia aliwahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, akanionyesha picha. Wa juu yake aliongea kupitia mlango, hakufungua, akasema asante hahitaji. Wa juu kabisa ni wanafunzi, walichukua sahani nzima.

Huyu wa Kilimanjaro jana kwenye ngazi kanisalimia kwa jina. Huyu wa kupitia mlango, kidevu kimeongezeka kidogo.

#33 Tandale One
Maandazi ya iliki hata mimi ningefungua.

#34 Mpemba wa Maskati
Nawasoma kutoka Oman. Hakuna aliyejibu swali la chumba cha daktari, mmeng'ang'ana na ngazi.

Mie naona ni hodi. Anayeingia mahali palipo na watu waliokaa, anaingia penye wenyewe, hata kama wenyewe ni wa nusu saa. Lazima apige hodi, na "Guten Morgen" yake ndiyo hodi. Ngazi na tramu ni njia, na njia haina mwenyewe. Sisi Pemba tunasalimia njiani na tunapiga hodi mlangoni. Wao wamebakisha ya mlangoni tu. Huku Maskati lifti ikifunguka anayeingia anatoa salamu kwa waliomo, nami naona ni hilohilo.

#35 Kifungu cha Pili
Nimeipenda kuliko zote mpaka sasa. Na lifti za huku pia watu husalimia na kuagana. Lakini inashindwa kueleza mlima wa @Mkamba wa Bavaria. Njia ya mlimani haina mwenyewe na wanasalimiana.

#36 Mkamba wa Bavaria
Mlimani ukivunjika mguu, huyo unayemsalimia ndiye atakayekubeba. Naanza kumwelewa Michenzani.

#37 Nyanda wa Igunga
Na tramu je? Ni chumba, kina mlango, watu wamekaa. Hodi iko wapi?

#38 Mpemba wa Maskati
Tramu inatembea. Nitalifikiria.

#39 Sista Wodini
Kabla sijasahau, kwa wageni wote: usimpongeze Mjerumani siku ya kuzaliwa kabla siku yenyewe haijafika, hata kwa saa chache. Kwao ni mkosi. Na keki analeta mwenye siku yake, msisubiri kununuliwa.

#40 Binti Songea
Habari za humu. Nina nafasi ya chuo huko, muhula unaanza Oktoba. Zile euro 11,904 za kuombea viza, za kwenye akaunti iliyofungwa, nimeshaweka. Swali langu: koti nichukue mitumba Karume au nisubiri huko?

#41 Mama Junior Bremen
Hongera mdogo wangu. Ile pesa watakufungulia 992 kila mwezi, ipangie kodi ya nyumba kwanza. Ukifika jiandikishe ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na mwenye nyumba akupe barua ya kuthibitisha unakaa kwake, bila hiyo hawakuandikishi. Ada ya redio na televisheni ni 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima, si kwa kila mtu, mgawane na wenzako wa nyumba.

Koti la mitumba linatosha kwa kuanzia, Karume wana mazuri. Viatu nunua huku. Vya huko soli inateleza kwenye barafu.

#42 Tandale One
Si nilisema baridi?